Kiti cha Nyuma

Watu walimwita Taratibu, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Walilianzisha mafundi wa gereji, waliochoka kumwona mtu mzima akilivusha gari kwenye tuta kana kwamba amebeba trei ya mayai. Wakimwona tu anakunja kona walianza kumtania: "Huyo anakuja, tupate chai kwanza, tutamaliza kabla hajafika." Yeye alicheka nao, lakini moyoni alilipenda jina hilo kuliko lile lililoandikwa kwenye leseni yake.

Alikuwa dereva wa mkandarasi wa barabara, mtu mwenye sauti nzito na mgongo mbovu, ambaye mji mzima ulimwita Mkandarasi. Na Mkandarasi alikuwa mume wa dada yake. Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia na hapo ndipo yalipokuja kuharibikia.

Dada aliugua ugonjwa ulioanza kumla mifupa ya mgongo. Kila walipompeleka hospitali alilazwa kiti cha nyuma, kichwa chake kwenye mapaja ya mumewe, na mdogo wake kwenye usukani mbele yao. Mara ya kwanza walipogonga tuta alipiga ukelele ambao Taratibu hakuwahi kuusahau. Tangu siku hiyo akajifunza upya kuendesha gari. Akawa analiendea tuta upande upande, tairi moja lipande kwanza, la pili lifuate, na sekunde ile tairi linapogusa, anaachia breki ili pua ya gari isichimbe chini. Mgonjwa akavuka matuta yote ya njiani bila kuguna. Na kila walipovuka moja, kutoka kule nyuma sauti yake dhaifu ilisema, "Asante, mdogo wangu." Siku nyingine hilo ndilo neno pekee alilolisema njia nzima.

Dada alipofariki, ndugu walikaa wakisubiri Taratibu apewe mkono wa kwaheri. Hakupewa. Mkandarasi aliendelea kukaa nyuma, yeye akaendelea kukaa mbele, na mbele ya watu, wawe wahandisi, wawe mameneja wa benki, Mkandarasi alimwekea mkono begani na kusema, "Huyu ni shemeji yangu." Hakuwahi kusema ni dereva wangu. Taratibu alikuwa tayari kuosha gari kwa maji ya baridi alfajiri, kusubiri juani kwenye vumbi la kokoto, kukosa harusi za watoto wa jirani, mradi jioni moja asikie neno hilo likisemwa mbele ya mtu mgeni. Alikuwa anadanganyika? Pengine. Lakini kila mtu ana kitu kinachomtoa kitandani asubuhi, na chake kilikuwa hicho.

Sasa, Jumapili moja akiwa anapangusa vioo uani, Mkandarasi akatoka na kijitabu chenye picha za kung'aa.

"Shemeji, hii gari imezeeka. Nachukua mpya. Ziko aina mbili, ya kawaida na ya spoti. Kesho tukazijaribu, wewe utanisaidia kuchagua."

"Tofauti yake nini?"

"Wanasema ile ya kawaida ni ya kukaa nyuma ukatulia. Ya spoti raha yake uendeshe mwenyewe. Ukikaa nyuma hainogi."

"Ukichukua hiyo mimi nitakaa wapi? Kwenye buti?"

Mkandarasi alicheka sana, akampiga begani na kile kijitabu, akaingia ndani. Taratibu akabaki anapangusa kioo kimoja mpaka kitambaa kikaanza kulia.

Nyumbani, mke wake alikuwa anakunja nguo kitandani. Alimsikiliza bila kuinua macho, kisha akaweka shati chini.

"Akichukua ya spoti unga umemwagika."

"Acha uchuro."

"Uchuro gani? Kwani humwoni anavyochonga ndevu siku hizi? Humwoni na yale manukato? Mwanamume aliyefiwa akianza kutaka gari la kukaa mbele, ujue ana mtu anataka kumweka pembeni yake."

"Shemeji yangu hana mambo hayo."

"Shemeji yako ana macho na ana moyo, na wifi yangu hafufuki." Aliona uso wa mumewe umekunjamana, akalegeza sauti. "Baba nanihii, nisikilize. Mwambie tu. Mwambie, shemeji, mimi naitegemea hii kazi, usinitupe. Mtu hafi kwa kusema."

"Nimpigie magoti? Mimi ndugu wa mkewe?"

"Basi kaa na undugu wako. Utaula."

Hakukubali. Kiburi kilimzuia. Alijilaza akitazama dari, na mpango ukamjia wenyewe, mzuri, wa kimyakimya, usiohitaji kumwomba mtu kitu. Mkandarasi ana mgongo mbovu. Gari la kawaida ataliendesha kama anavyojua yeye, Mkandarasi asisikie hata kokoto. La spoti ataligongesha kila tuta la mji mpaka mwenyewe aombe kushuka. Mgongo ndio utakaochagua. Alilala akiwa na tabasamu, jambo ambalo mke wake alilishangaa.

Duka la magari lilikuwa na vioo kuta zote na sakafu iliyong'aa mpaka ukaogopa kuikanyaga. Yale magari mawili yaliwekwa bega kwa bega, meusi yote mawili, ya tumbo moja ila tabia mbalimbali. La kawaida lilisimama kwa adabu kwenye tairi nene, kiti cha nyuma kipana chenye pa kuegemeza mkono katikati, na pazia dogo la kuzuia jua kwenye kioo. La spoti lilikuwa limeinama chini, rimu kubwa, tairi nyembamba, mishono myekundu kwenye viti, usukani uliokatwa kwa chini, mabomba mawili ya moshi yametokeza nyuma. Viti vya mbele vilimkumbatia mtu mbavuni. Kile cha nyuma kilikuwepo, lakini ni kama walikumbuka kukiweka wakati wanafunga mlango wa kiwanda.

Muuzaji alikuwa kijana wa suruali ya kubana na viatu vyenye ncha, maneno yanamtoka yamepangwa.

"Injini ni ile ile, bosi. Ya spoti springi zake ngumu, inashika barabara, na ukiigusa mafuta inakujibu. Ya kawaida ni ya watu wazima." Akajirudi haraka. "Namaanisha watu wa heshima zao. Na huyu mzee ni...?"

"Huyu ni shemeji yangu," Mkandarasi alisema, mkono begani.

Taratibu alihisi kifua kimemjaa. Aliyaona yote yanakwenda sawa.

Walianza na la kawaida. Mkandarasi nyuma, muuzaji mbele, Taratibu kwenye usukani. Ile njia ya majaribio ilipita nyuma ya viwanda, ikakata mbele ya shule, ikarudi kwa barabara ya hospitali, na matuta yalikuwa ya kumwaga, mengine yamewekwa na watu wenyewe kwa zege na hasira. Taratibu hakuwahi kuendesha vizuri hivyo maishani mwake. Aliyapanda upande upande, akaachia breki pale pale panapotakiwa, akateleza kwenye kona bila kichwa cha mtu kuyumba. Muuzaji alianza kusifia ukimya wa gari, kisha naye akanyamaza. Kwenye kioo cha kati, Taratibu alimwona Mkandarasi ameegemea nyuma, macho yamefumba, mdomo umelegea.

Amelala, akajisemea. Amelala fofofo. Nimeshinda.

Walipofika dukani Mkandarasi alichukua muda kushuka. Alijifuta uso kwa kiganja, macho mekundu.

"Bosi umepumzika kweli kweli!" muuzaji akachangamka.

"Tupe hilo lingine," Mkandarasi alijibu.

Kwenye la spoti ilibidi akunje miguu kando ndipo aenee kule nyuma, magoti yamegusa kiti cha mbele. Vizuri, aliwaza Taratibu. Akatia gia, na tangu getini akawa mtu mwingine. Tuta la kwanza alilikabili uso kwa uso, bila kupunguza. Gari likaruka, likatua, meno ya muuzaji yakagongana. Kona ya viwandani aliikata mpaka tairi zikalia. Alifunga breki ghafla kwa ajili ya mbuzi aliyekuwa mbali kabisa na barabara. Muuzaji alishika mshikio wa juu kwa mikono yote miwili. "Mzee, mzee, taratibu!" alipiga kelele, asijue kwamba anamwita mtu kwa jina lake.

Kwenye tuta la mbele ya shule, lile kubwa kuliko yote, ikatoka sauti kule nyuma. Taratibu alidhani ni kilio cha mgongo, roho ikamruka kwa huruma na furaha kwa pamoja. Akatupa jicho kwenye kioo.

Mkandarasi alikuwa anacheka. Alicheka mdomo wazi, machozi yanamtoka, ameshika viti viwili vya mbele kama mtoto kwenye bembea. Hajacheka hivyo tangu walipomzika mkewe. Nyumba nzima ilikuwa imeshasahau kwamba anajua kucheka hivyo.

"Shemeji! Kumbe unajua kuendesha! Miaka yote ulikuwa unanificha!"

"Mgongo, shemeji. Mgongo wako."

"Achana na mgongo! Simamisha hapa. Simamisha, niachie mimi."

Walibadilishana viti pembeni mwa barabara, magari yakiwapigia honi. Muuzaji alibaki mbele, kwa hiyo kilichobaki kwa Taratibu kilikuwa kile kiti cha nyuma. Akajikunja humo, magoti kifuani, akatazama kisogo cha mtu ambaye miaka yote alizoea kumwona usoni kwenye kioo. Mkandarasi aliendesha vibaya. Alikosea alama, akapanda ukingo, akazima injini mbele ya lori. Na kila alipokosea alizidi kucheka, na kijana wa viatu vyenye ncha akacheka naye, sasa akijua kabisa kwamba mauzo yamepatikana. Nyuma hakucheka mtu.

Siku hiyo hiyo likalipiwa la spoti.

Waliporudi nyumbani kwa gari lile la zamani, Mkandarasi alifungua mlango wa mbele akakaa pembeni ya dereva. Hajawahi kufanya hivyo. Taratibu alivuka matuta kwa namna yake ya siku zote, maana mikono haikujua namna nyingine.

"Unajua kwa nini sikuchukua ile ya kawaida?"

"Ulilala. Nilidhani umeipenda."

"Sikulala." Mkandarasi alikuwa anatazama nje dirishani. "Nilifumba macho. Tulivyokuwa tunakwenda vile, kimya, polepole, na barabara yenyewe ile ya hospitali... Shemeji, kila tuta nilikuwa nasubiri aseme asante. Nimeweka mkono hapa mapajani, nasubiri. Tunavuka jingine, hasemi. Jingine, hasemi. Siwezi kununua gari la namna hiyo. Nitakufa humo ndani."

Taratibu alipunguza mwendo. Alitaka kusema, si gari lile, shemeji, ni mimi. Ni mikono yangu. Mpe mtu mwingine yeyote usukani wa gari lile na hutamsikia marehemu hata siku moja. Lakini akisema hivyo atakuwa amesema nini? Kwamba kilichomshinda mwenziwe si kiti wala springi, ila dereva. Ukweli wenyewe ungemfukuza kazi upesi kuliko uongo. Na angesema jambo jingine, kwamba alimtumia marehemu dada yake kama chambo cha kulinda kazi. Hapo mwili wote ulimsisimka kwa aibu. Akakaza macho barabarani.

"Pole, shemeji," alisema.

"Ndiyo hivyo."

Mkandarasi alikuwa na leseni, ila ilikuwa ya pambo, hajashika usukani tangu ujana. Kwa hiyo aliyefukuzwa na gari ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha mwenye gari. Kila jioni walitoka kwenda kwenye kiwanja cha mizigo, Taratibu kiti cha abiria, akimwonyesha kurudi rivasi, kuegesha, kutazama vioo. Mke wake alipolisikia hilo alipiga kofi la mshangao. "Yaani umeshikishwa jembe ujichimbie mwenyewe, na unachimba kwa bidii!" Alisema akicheka, kisha akalia, kisha akarudi kukunja nguo zake.

Alimfundisha vizuri, isipokuwa kitu kimoja. Jioni ya mwisho mwisho waligonga tuta la getini na sakafu ikakwaruza zege. Mkandarasi akasonya.

"Wewe ulikuwa unafanyaje kwenye matuta? Nifundishe."

"Hakuna nilichokuwa nafanya, shemeji. Ni lile gari la zamani tu. Lilikuwa na springi laini."

"Aa."

Uongo huo ulimtoka laini, na hakuujutia. Kazi ilikwishachukuliwa, kiti kilikwishachukuliwa. Hicho kilikuwa chake na cha dada yake, na alikuwa hajasikia mtu akimwambia kwamba lazima akigawe.

Mkandarasi hakumtupa kabisa, tusimsingizie. Alimtafutia nafasi kwenye stoo ya saruji pembezoni mwa mji, ya kufungua na kufunga geti la malori. "Si kazi ngumu, shemeji, utakaa kivulini." Alimpa mkono kwa mikono miwili, akaahidi kupita mara kwa mara wapige soga. Taratibu akaenda. Vumbi la saruji likamkaa kwenye nyusi na kwenye mikunjo ya shingo, jioni mke wake akawa anamsugua kwa jiwe. Mafundi wa gereji wakawa hawana wa kumtania. Wiki zikapita, kisha wiki nyingine, malori yakaingia na kutoka, na hakuna aliyepita kupiga soga.

Asubuhi moja akasikia mngurumo anaoujua. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati, akafungua geti pande zote mbili hadi mwisho, akasimama wima kando. Gari lile jeusi lilisimama karibu naye kabisa. Mkandarasi alikuwa kwenye usukani, miwani myeusi, ndevu zimechongwa kwa wembe. Pembeni yake, kile kiti cha mishono myekundu kimemkumbatia mwanamke wa makamo, mtaratibu, mwenye uso wa kupendeza. Taratibu alitaka kumchukia akashindwa kupata pa kuanzia.

"Karibu, shemeji," alisema.

"Habari za kazi?"

"Nzuri. Mgongo je?"

"Unaendelea. Msimamizi yupo ndani?"

"Yupo."

Mwanamke aliinama kidogo ili amwone vizuri, akamsalimia kwa adabu, akaitikiwa. Kisha akamgeukia mwenzake, kwa sauti ya chini ambayo kioo kilichokuwa wazi hakikuizuia.

"Ni nani huyu?"

Taratibu alijua jibu lake. Alilisikia miaka yote, mbele ya wahandisi na mameneja wa benki na kijana wa viatu vyenye ncha. Bega lake la kushoto, lile linalowekewa mkono, lilijiinua lenyewe. Mkandarasi alitia gia kwanza.

"Alikuwa dereva wangu," alisema.

Gari likaondoka. Ndani tu ya geti palikuwa na tuta, la zege, la kuzuia malori yasiingie kwa kasi, na Mkandarasi alilikabili uso kwa uso. Tumbo la gari lilikwaruza vibaya, na mwanamke akatoa kiukelele kifupi, kisha akacheka kwa haya, kama anayeomba radhi kwa kuumia. Taratibu alifurahi. Furaha ilimpanda kali mpaka kichwani, ikakaa hapo kwa muda wa pumzi moja, na ilipomshuka ilimwacha na aibu, kwa sababu ukelele ule aliwahi kuusikia.

Alitazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyanyuka kidogo kutoka kwenye vumbi, kisigino chini, vidole juu, kama unavyofanya mguu wa mtu anayeachia breki. Aliurudisha ardhini, akalifunga geti.